Bakuli la Tatu

Kila asubuhi, kabla Priscilla hajaamka, nilipanga vikombe vitano kwenye dirisha la jikoni. Kimoja kilikuwa na maji ya chumvi, kingine ya sukari, kingine ya ndimu, kingine kahawa isiyo na maziwa, na cha tano maji matupu, ili nijue kama ninajidanganya. Chini ya kila kikombe nilikuwa nimeandika herufi. Nilivizungusha nikiwa nimefumba macho, nikaonja kimoja kimoja, nikaandika kwenye daftari nilichodhani, kisha nikaviinua kutazama herufi.

Tangu tarehe ishirini na moja Januari majibu yalikuwa yale yale. Chumvi, hapana. Sukari, hapana. Kahawa, joto tu. Ndimu iliwasha kidogo pembeni mwa ulimi, lakini huko ni kuwashwa kwa ngozi, si ladha. Mwezi wa Juni ulipofika nilikuwa nimejaza daftari zima la hapana.

Ilianza na homa ya siku tano. Siku ya sita Priscilla aliniletea chai kitandani, nikanywa nusu kikombe, nikamwambia amesahau kutia majani.

Akachungulia kikombe. "Jotham, hii chai ni nyeusi kama lami."

Nikanusa. Hakukuwa na kitu. Nikamwomba kitunguu, nikakitafuna kama tufaha huku machozi yakinitoka, na bado hakukuwa na kitu. Priscilla alicheka kwanza. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda akaacha kucheka, kwa sababu mke wangu anajua ninavyopata riziki.

Mimi ni mwonjaji wa chai. Sikusomea. Nililelewa Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, mama yangu akiwa mchumaji, na nilianza kiwandani kama mtu wa kufagia. Nilijifunza kuonja kwa kubaki nyuma baada ya wakubwa kuondoka na kunywa vilivyobaki kwenye vikombe vyao, nikilinganisha na walichoandika ubaoni. Nishma alinikuta huko. Ana kampuni ndogo ya kuagiza chai, ghala moja tu huko Neasden, aliyoachiwa na baba yake, ambaye zamani alikuwa na duka Nakuru. Alinileta London, na kwa miaka tisa nilionja kila chai iliyoingia ghalani kwake. Kila moja niliiandika: jani likoje, rangi ya maji ikoje, ladha ikoje. Nina madaftari kumi na saba.

Kibali chetu cha kuishi hapa kimefungamana na kazi hiyo. Kinasema mimi ni mwonjaji wa kampuni hiyo. Priscilla, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea huko Wembley, yuko hapa kwa jina langu. Nisipokuwa mwonjaji tunapewa siku sitini, kisha tunafunga mizigo. Mambo haya hatukuyazungumza sana. Daktari alisema ladha ya wengine hurudi na ya wengine hairudi, tusubiri. Tukasubiri, nami sikumwambia Nishma.

Mtu anaweza kuuliza nilidanganyaje. Sikuona kuwa ninadanganya, angalau mwanzoni. Niliona kuwa ninatumia vilivyobaki. Macho yalikuwa mazima, vidole vilikuwa vizima. Chai ikija, nililishika jani, nikaangalia lilivyojikunja, nikatazama rangi ya maji, kisha nikarudi kwenye madaftari yangu kutafuta chai iliyofanana nayo na kuandika maneno niliyoyaandika wakati ule. Na kitu kimoja mdomoni kilikuwa kimesalia: ukakasi. Ule ukavu unaoshika ulimi na ufizi, kama umelamba gome la mti. Ukakasi ni mguso, si ladha, na kule kwetu chai njema ni ile inayoshika. Nikaushikilia ukakasi kama mtu anavyoshikilia ukuta gizani.

Mwezi wa Machi Nishma akaniita ofisini.

"Jotham, wewe utaenda China," akasema. Kiswahili chake ni cha dukani Nakuru na hajawahi kukibadilisha. "Kuna kijiji, iko juu milimani, Jiangxi. Ushirika ya wakulima. Naambiwa chai safi sana, na hakuna mtu ya London anachukua. Mimi magoti mbaya, siwezi panda."

"Madam, labda tuombe sampuli kwanza."

"Sampuli, sampuli! Sampuli kila mtu anatuma nzuri. Mimi nataka ulimi yako iende huko yenyewe." Akanitazama juu ya miwani. "Nini? Unaogopa ndege?"

Nikasema siogopi ndege.

Kijiji kinaitwa Yunkeng. Unafika kwa treni ya mwendo kasi, kisha basi, kisha gari dogo la ushirika linalopanda mlima kwa saa mbili. Aliyenipokea ni msichana wa ofisi ya ushirika aitwaye Gan, ambaye alizungumza Kiingereza cha shuleni, taratibu, kila neno akiliweka mahali pake. Njiani alinieleza habari za pale. Karibu miaka tisini iliyopita jeshi la mapinduzi liliondoka milima ile na kuacha nyuma majeruhi na wapiganaji wachache, na watu wa Yunkeng wakawaficha. Wengi wa waliowaficha waliuawa kwa sababu hiyo. Siku hizi watalii huja kwa mabasi kuona nyumba walimofichwa. Tuliwakuta barabarani, wazee kwa vijana, wamekodi sare za kijivu na kofia zenye nyota, wanapiga picha wakiwa wameshika bunduki za mbao. Mmoja, mama mnene mwenye miwani ya jua, alinipigia saluti. Nami nikampigia.

Kisha nikaona mashamba, na kwa muda nikasahau kilichonileta. Yalipanda mlima kwa matuta membamba, si kama uwanda wa Kericho uliokatwa kama zulia, lakini mikono iliyokuwa ndani yake ilikuwa ile ile. Kichipukizi na majani mawili, kidole gumba na cha shahada, na mgongo hauinuki. Mama mmoja alimwuliza Gan kama Afrika kuna chai. Niliingia kwenye tuta nikachuma, mikono miwili kwa pamoja kama mama yangu alivyonifundisha, nikawajazia konzi mbili kabla Gan hajamaliza kutafsiri. Wachumaji walipiga kelele na makofi. Mmoja alinivua kofia yangu akanivalisha yake ya majani ya mwanzi. Sijui kama kuna mahali nimewahi kukaribishwa vizuri kuliko pale, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Kesho yake asubuhi waliniwekea vikombe kumi na tisa. Ilikuwa chai ya mwanzo wa majira, vichipukizi vitupu, chai ambayo kijiji kizima huisubiri mwaka mzima. Waonjaji wao watatu walisimama upande wa pili wa meza. Nilifyonza kwa kelele kama inavyotakiwa, nikatema, nikasogea. Kikombe cha kwanza, maji moto. Cha pili, maji moto. Hadi cha kumi na tisa, maji moto. Chai ya namna ile haina ukakasi. Uzuri wake wote uko kwenye harufu, na mimi nilikuwa mtu aliyepelekwa ngomani akiwa kiziwi. Nikautazama uso wa mwonjaji mkubwa wao nijue ni kipi anachokipenda. Naye alikuwa akiutazama uso wangu kujua hicho hicho. Tulitazamana hivyo juu ya vikombe kumi na tisa, hadi jasho likaanza kunitiririka mgongoni.

"Wanauliza ni ipi," akasema Gan.

"Waambie nitafikiri."

Mchana wakanipeleka kwenye ile nyumba. Ni ya kuta za udongo, na mlangoni kuna ubao mwekundu. Ndani kuna shimo chini ya jiko ambamo majeruhi walilazwa. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka themanini na kitu, Bibi Xie, mwenyekiti wa ushirika, ambaye mama yake ndiye aliyewaficha. Pale kuna desturi. Kila mgeni hupewa bakuli la chai waliyokunywa wapiganaji: majani mazee ya chini kabisa ya mti, yale yasiyochumwa, yamechemshwa saa nzima pamoja na mizizi ya porini, kwa sababu hakukuwa na kingine. Mgeni hunywa funda moja, hukunja uso, watu hucheka, kisha hupewa kikombe cha chai tamu, ili ajue alikotoka na alipofika. Gan alinieleza haya yote. Nimejaribu kujitetea kwamba hakunieleza, lakini alinieleza vizuri, nami nilikuwa nikivifikiria vikombe kumi na tisa.

Watalii walikunywa kabla yangu. Walikunja nyuso, wakatoa ndimi, wakapigana picha. Nikaletewa bakuli langu.

Nilikunywa, na ule ukakasi ukanishika. Ulinishika ulimi, ufizi, mashavu, hadi kooni. Kwa miezi miwili mdomo wangu ulikuwa chumba kitupu, na sasa mtu alikuwa ameingia na kufunga mlango kwa kishindo. Sikukunja uso. Nadhani nilitabasamu. Nikamaliza bakuli lote nikaomba la pili. Kicheko kikapungua. Nikamaliza la pili, nikaomba la tatu, na nilipokuwa ninalinywa machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha, na watalii walikuwa wameshusha simu zao. Bibi Xie aliweka mkono wake begani pangu. Aliongea maneno mengi, polepole, na Gan akayatafsiri kwa ufupi: "Anasema hajawahi kuona mtu akinywa la tatu."

Nikasema, "Hii ndiyo chai ninayoitaka."

Gan alinitazama. "Hii? Si za asubuhi?"

"Hii."

"Bwana Jotham, hii ni chai ya wazee. Una hakika? London wanakunywa hii?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nilinyoosha mgongo nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Mimi ndiye ulimi wa kampuni." Nani angebishana na ulimi? Walikaa wakazungumza usiku huo, na asubuhi wakaniambia wamekubali. Wataacha vichipukizi vikue, kwa kuwa mti mmoja hautoi zote mbili, wasichume chai ya majira, watengeneze ya Bibi Xie, magunia arobaini. Wachumaji walinisindikiza hadi garini. Kofia ya mwanzi nilirudi nayo London.

Sampuli ilikuja Aprili kabla mzigo haujapakiwa. Mimi ndiye niliyeionja, peke yangu. Nikaandika, "Inashika, ina mwili, ni sawa na niliyoichagua." Nikatia sahihi. Nishma hakuwa na sababu ya kuonja nilichokwisha kuonja.

*

Mzigo ulifika siku ya Jumatatu, mwezi wa Juni. Jumanne asubuhi nikaingia mapema kuandaa meza, kwa kuwa saa nne Nishma alikuwa amemwalika Ziyad, mwenye mgahawa Edgware Road, aje aonje kabla ya wateja wengine. Lambert alinikuta mlangoni. Lambert anaendesha foklifti, ni mtu wa Bukavu, na tangu tujuane ananiita papa, yaani baba, ingawa tuna umri mmoja.

"Papa Jotham, ile mzigo yako ya Chine, minafungua gunia moja." Akakuna kichwa. "Iko nanuka sawa dawa ya minyoo. Njo hii watu watakunywa?"

"Inanukaje, Lambert? Niambie vizuri."

"Weye njo mwonjaji, unaniuliza miye?"

"Niambie tu."

Akafikiri. "Mama yangu alikuwa anachemsha kitu fulani, mutoto akiwa na homa. Tulikuwa tunakimbia nyumba. Sawa ile."

Nikaenda kwenye gunia nikalishika jani. Lilikuwa pana, gumu, na vipande vya mizizi ndani yake. Vidole vyangu vilijua siku nyingi. Vilijua Yunkeng, vilijua sampuli ilipokuja, na sikuwa nimetaka kuvisikiliza. Nikapima gramu tatu, nikamimina maji, nikangoja dakika tano kwa saa. Maji yalitoka meusi kama mafuta ya injini yaliyotumika. Nikaonja. Ukakasi ukanishika, kama kule. Safari hii sikufurahi.

Nilikaa kwenye kigoda. Kupitia dirisha la ghala vinaonekana vilele vyeupe vya hekalu la Wahindu, na niliviangalia kwa muda, nikihesabu siku sitini kuanzia leo zingeangukia wapi. Zingeangukia Agosti. Priscilla alikuwa amepangiwa zamu hadi Septemba.

Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na kasha la chai ya mwaka jana, kutoka wilaya jirani na Yunkeng, vichipukizi vitupu, chai njema. Daftari la kumi na tano linasema: "Njugu za chestnati, maua, mwisho mtamu." Nikalichukua. Nilimwaga maji meusi, nikaosha mabakuli, nikatia majani ya kasha lile. Nilijiambia ni kwa leo tu, nipate muda wa kufikiri, na labda kesho ulimi utarudi.

Ziyad alifika wa kwanza. Ni mzee wa Unguja, mfupi, mwenye kofia ya vito, na hakuna chai ambayo hajaitukana.

"Haya, Jotham bin Kericho! Nasikia ulikwenda kwa Wachina ukawavisha kofia."

"Wao ndio walionivisha mimi, Mzee."

"Na hiyo chai yao, inaingia mdomoni au ndiyo ile ya majani ya mbuzi?"

Nishma akaingia, tableti kwapani, amevaa sari ya sikukuu. Akaisimamisha tableti mezani, ikiegemea mtungi. "Leo mimi nafanya kitu," akasema, na uso wake ulikuwa umefurahi kama wa msichana. "Tunapigia wao simu ya video. Huko ni jioni sasa. Wanaona chai yao inanywewa London. Wamekaa tayari, nyumba mzima."

Nikasema, "Madam, tungeonja kwanza."

"Tunaonja pamoja nao. Ndiyo uzuri."

Skrini ikawaka. Nikaiona ile nyumba ya udongo, watu wamejipanga, Gan mbele na Bibi Xie katikati kwenye kiti, amevaa koti jipya. Aliponiona aliinua mikono yote miwili. Mbele yake kulikuwa na bakuli.

Ziyad akafyonza bakuli lake. Akafumba macho. "Alaa! Bwana wee. Hii ni chai. Laini, haina makeke." Akafyonza tena.

Nishma akaonja. Akakunja nyusi kidogo. "Tamu," akasema. "Tamu sana. Lakini hii mimi najua. Hii nimekunywa mahali." Kisha akaliinua bakuli kuelekea kwenye tableti ili wale wa Yunkeng waone.

Mle ndani ya bakuli jeupe maji yalikuwa na rangi ya majani makavu ya mahindi, manjano hafifu, safi.

Bibi Xie akasogeza uso karibu na skrini. Akaangalia bakuli, akaangalia lake. Akalielekeza lake kwetu; lilikuwa jeusi. Akasema kitu kifupi. Gan hakutafsiri.

"Anasema nini?" akauliza Nishma.

Gan akanitazama mimi. "Labda ni taa," akasema.

Msichana yule alinipa njia ya kutoka, na hadi leo ninamshukuru, ingawa sikuitumia. Nyuma ya Gan, kupitia mlango wa ile nyumba, niliona matuta, na kwenye matuta watu wameinama.

"Wale wanachuma nini?" nikauliza.

"Mzigo wa pili," akasema Gan. "Bi Nishma alituandikia wiki iliyopita, tuendelee. Wanachuma majani mazee. Wote wako huko, isipokuwa hawa."

Nikaweka kijiko mezani. Nilisema kwa Kiingereza, ili Gan naye asikie, na kwa sababu kwa Kiswahili, mbele ya Nishma, nisingeweza. Nilisema chai iliyo kwenye mabakuli si yao, ni ya mwaka jana, nimeibadilisha asubuhi hii. Nilisema sina ladha wala harufu tangu Januari. Nilisema pale kijijini sikuonja chochote, si vile vikombe kumi na tisa, si mabakuli matatu. Nilihisi ukavu tu, nikafurahi kuhisi kitu. Nilisema waache kuchuma.

Ziyad alishusha bakuli lake polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kwenye skrini Gan alitafsiri, na niliona maneno yangu yakipita kutoka uso hadi uso. Bibi Xie alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaongea, na safari hii Gan alitafsiri kila neno.

"Anasema: wewe ulipokunywa bakuli la tatu, aliwaambia watu kwamba huyu mtu amepata uchungu mkubwa kuliko wetu, ndiyo maana hausikii. Kwa hiyo walikubali kukupa majira yao. Watu wengine walikataa. Yeye ndiye aliyewashawishi." Gan akamsikiliza Bibi Xie tena. "Anauliza: basi ulikuwa unalia nini?"

Nilitazama bakuli lake jeusi, si uso wake.

Bibi Xie akashika mikono ya kiti, akainuka. Mtu alitaka kumsaidia, akamsukuma. Akatoka kwenye picha. Kikabaki kiti, na bakuli jeusi kwenye meza.

"Amekwenda wapi?" akauliza Nishma.

"Kwenye mashamba," akasema Gan. "Amekwenda kuwaambia waache." Kisha skrini ikazima, sijui kama ni yeye aliyeizima au ni mtandao.

Nishma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda mwenyewe kwenye gunia, akapima gramu tatu, akamimina maji, na sote tukasimama dakika tano tukiyaangalia maji. Akaonja, akageuka akatema, akafuta midomo kwa ncha ya sari. Ziyad naye akaonja, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kujizuia.

"Astaghfirullah," akasema kwa sauti ndogo. "Shubiri hii." Akanitazama, na alichokiona kikamfanya aongeze, "Lakini Nishma, mtu akiugua, kaugua. Hakujitakia."

"Kuugua siyo shida," akasema Nishma. "Mimi nimemuuliza yeye kila siku, chai iko aje, Jotham? Kila siku ameniambia." Aligeuka kwangu. "Miezi tano. Ungesema, mimi ningekuweka kwa ghala, kwa ofisi, mahali yoyote. Na wale watu huko, sasa mimi naambia wao nini?"

"Sijui, Madam."

"Kazi yako kwa karatasi ya serikali imeandikwa mwonjaji. Wewe siyo mwonjaji. Lazima mimi niandikie watu wa viza. Siyo kupenda yangu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nitaandika Ijumaa. Mpaka Ijumaa nafikiri kama iko njia. Usinipigie simu. Na hiyo madaftari yako, wacha hapa."

Nikayapanga madaftari kumi na saba mezani, kwa mpangilio wa miaka. Lambert alinisindikiza hadi lango. Alinitilia mkononi mfuko mdogo wa karatasi, akasema, "Umesahau chai yako, Papa," kama anayenipa kitu nilichokipenda.

Priscilla alikuwa nyumbani, anajiandaa kwa zamu ya jioni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu mwanzo, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Alipomaliza kusikiliza alivua viatu vya kazi alivyokuwa amevaa, akavirudisha chini ya kiti, kisha akavivaa tena, kwa sababu kazi yake ilikuwa bado ipo.

"Na wale wa huko?" akauliza.

"Majira yamewapita. Mzigo wa pili labda wameusimamisha nusu."

"Labda."

"Labda."

Nikachemsha maji. Nikapima gramu tatu kwa mizani ya jikoni, nikangoja dakika tano. Nilimpa bakuli. "Onja," nikasema. "Nataka kujua niliwachagulia nini."

Akaonja, na uso wake wote ukakunjika, macho, pua, shingo. Akaninyooshea bakuli nilichukue.

"Niambie," nikasema. Nilikuwa nimefungua daftari jipya.

"Jotham, ni uchungu."

"Uchungu wa namna gani? Unaanzia wapi?"

Akatazama saa ya ukutani. Saa ya zamu ilikuwa inakaribia, na basi lake halimsubiri mtu. Akavuta kiti, akakaa, akaonja tena, kidogo. "Unaanzia nyuma," akasema. "Chini ya ulimi. Halafu unapanda kwenye pua. Kuna kitu kama udongo baada ya mvua. Kuna moshi. Halafu unarudi tena, wenyewe, hata ukishameza. Unarudi mkali kuliko mara ya kwanza." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Siwezi, jamani. Walikunywaje hawa watu?"

Niliandika yote. Udongo. Moshi. Unarudi. Kisha akavaa koti, akaondoka kuwahi basi, nami nikabaki na bakuli lake. Nilikunywa lililobaki, polepole, nikisoma maneno yake kwenye daftari kila baada ya funda, nikayatafuta mdomoni moja moja. Hayakuwemo.